Sahani ya Maua na Majani ya Maboga

Kuna mtu ghorofa ya chini yangu bado anakuna nazi kwa mbuzi. Hapa Upanga wengi wetu siku hizi tunanunua tui la pakiti, au tunakuniwa kwa mashine sokoni tukiwa tumesimama na simu mkononi. Lakini huyu, nisiyemjua jina wala sura, kila Jumamosi ya masika anaketi mahali fulani chini ya sakafu yangu na kukuna. Krwa, krwa, krwa, anapumzika, anageuza kifuu, anaanza tena. Mimi huacha ninachokifanya nikasikiliza. Sina mwingine wa kumsimulia, kwa hiyo nawasimulia ninyi: sauti hiyo hunirudisha uani kwetu Kariakoo, nikiwa na miaka tisa, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi.

Tulipanga chumba kimoja, baba, mama na mimi, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati na ua nyuma. Uani kulikuwa na bomba, kamba za nguo, na kibanda cha bati ambacho kila mwenye chumba aliweka jiko lake la mkaa. Baba alikuwa na duka la ndoo na mabeseni mtaa wa pili. Sisi tulikuwa watu wa Marangu, wapangaji wengine wote walikuwa wametoka kusini. Aliyetazamana nasi mlango kwa mlango alikuwa Bi Somoe, mjane mnene wa Kilwa, muuza vitumbua, ambaye kicheko chake kilifika barabarani kabla yake.

Masika yalipoanza mama aliondoka. Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha. Alinifunga vifungo vya sare, akanitengeneza kola iliyokuwa tayari imekaa sawa, akanisukuma taratibu mlangoni. Niliporudi mchana hakuwepo. Baba aliniambia amekwenda Marangu kumuuguza bibi. Nikamuuliza atarudi lini, naye akasema, "Mvua zikiisha." Tangu siku hiyo nikazichukia mvua, na kila asubuhi nilichungulia mbingu kabla ya kunawa uso.

Baba hakupika. Jioni alirudi na mkate, au chipsi zilizolowa mafuta hadi karatasi ikawa inapitisha mwanga, tukala tumekaa kitandani. Mchana nilikuwa peke yangu na redio. Nilijifunza kukaa kwa namna ambayo kiti hakilii. Mtoto mpweke huwa mtulivu mno, na watu humsifu kwa adabu.

Shida ilikuwa harufu. Saa za jioni ua mzima ulinukia vitunguu. Huyu anachemsha kisamvu, yule anakaanga dagaa, Bi Somoe anakuna nazi, na halafu sahani zinaanza safari zake. Maana kwetu pale chakula hakikukaa chumba kimoja. Aliyepika kizuri alimpelekea jirani sahani iliyofunikwa kawa. Mama alikuwa akizipokea na kuzirudisha, nasi tulikuwa na sahani yetu ya kupelekea, nyeupe yenye maua mekundu pembeni, ambayo ua mzima uliijua kuwa ni ya Mama Aika. Mimi wakati huo nilichokijua ni kula tu.

Wiki ile mama alipoondoka, Bi Somoe alituletea wali na majani ya kunde yaliyoungwa kwa tui zito. Kunde zilikuwa ndio kwanza zimetoka, majani yenyewe laini hata hayahitaji kutafunwa. Baba aliniambia nile. Yeye hakugusa. Nilipomaliza alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aliichukua sahani, akaiosha mwenyewe bombani mbele za watu, akaifuta kwa upindo wa shati, akanipa. "Mrudishie Bi Somoe. Mwambie tumeshukuru."

Nikampelekea. Bi Somoe aliitazama ile sahani inayong'aa, akanitazama mimi, akasema, "Haya, mwanangu." Hakucheka.

Baada ya hapo sahani hazikuja tena. Zilipita. Nilikaa kizingitini nikizitazama zikivuka ukumbi, zikitoka chumba hiki kwenda kile, zikitupita sisi. Nikawa nazifuata kwa macho hadi zinaporudi, na ndipo nilipogundua kitu. Hakuna iliyorudi tupu. Hii ilirudi na ndizi mbivu, ile na vitunguu viwili, nyingine na kipande tu cha muwa. Kumbe tulikosea! Baba, mwanamume wa dukani na mtu wa milimani, angejuaje mambo ya uani? Alikuwa ametuaibisha bila kujua, na nisiporekebisha mimi, tutakula chipsi mpaka mvua ziishe.

Kwa hiyo Jumamosi moja nilichukua hela ya kula shuleni niliyokuwa nimejinyima nikaenda sokoni. Sikuwa mgeni pale, mama alikuwa akinichukua. Ila nilikuwa sijawahi kwenda bila mkono wa mtu, na nilishangaa jinsi mkono wangu ulivyokuwa unatafuta cha kushika.

Soko la Kariakoo wakati wa masika lina raha yake, hata kwa mtu mwenye huzuni. Matope yanakupanda hadi magotini, wabeba mizigo wanakufokea, "Pembeni, pembeni, mzigo!", na ukishuka ngazi kwenda shimoni unapokelewa na harufu ya tangawizi, magunia mabichi na mapapai yaliyoiva kupita kiasi. Mahindi mabichi yalikuwa yamelundikwa yakiwa bado na ndevu zake. Mchicha, matembele, bamia, kunde ndani ya maganda yake, vyote vina matone ya maji. Nilitembea polepole kuliko ilivyohitajika. Kila muuzaji aliniita, "Karibu, mteja," na ulikuwa umepita muda mrefu sijaambiwa karibu na mtu.

Nikasimama kwa bibi mmoja aliyeweka mafungu ya majani ya maboga juu ya kiroba.

"Shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Haya yamechumwa alfajiri. Kwenu mko wangapi?"

"Watatu," nikasema bila kufikiri.

"Chukua mafungu mawili. Kumenya unajua?"

Sikujua. Alinitazama kama aliyeambiwa sijui kuvaa viatu. Akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanionyesha: unavunja kikonyo kwa juu, unavuta uzi unashuka nao mpaka kwenye jani, taratibu, usikate. Tulimenya pamoja yeye na mimi, wateja wakija na kuondoka. Hakuniuliza mama yuko wapi. Mwisho aliniwekea nyongeza, nyanya mbili na maua ya maboga ya njano, akasema, "Hayo maua tia mwishoni, mumeo atakusifu." Nilicheka. Nakumbuka nilicheka kwa sababu sauti yangu ilinishtua.

Nikanunua na ndizi mshare, kwani ndivyo mama alivyopika: ndizi na majani ndani ya sufuria moja. Nazi sikununua. Mbuzi ilikuwa ya Bi Somoe, na sikutaka ajue kabla ya wakati.

Mchana ule, watu wamelala na mvua imepumzika, nilitoa jiko la mama uvunguni. Ndani kulikuwa bado na majivu ya mara ya mwisho aliyopika. Nikayamwaga, kisha nikajuta kuyamwaga. Mkaa uligoma kushika, moshi ukanitoa machozi, nami nikautumia moshi huo kulia kidogo bila mtu kuuliza. Ndizi ziliniachia utomvu, chumvi ikazidi, chini kukaungua. Lakini maua ya njano niliyatia mwishoni kama nilivyoambiwa. Nikapakua kwenye sahani ya maua ya mama, nikaifunika, nikavuka ukumbi.

"Hodi, Bi Somoe."

Aliiona sahani kabla ya kuniona mimi. Akakaa wima kitandani.

"Mama yako amerudi?"

"Hapana. Nimepika mimi."

"Baba yako anajua?"

Nikatikisa kichwa. Akafunua, akanusa, akachota tonge. Chumvi ile ingemuua mtu mwenye presha, na yeye presha alikuwa nayo, lakini alikula. Alikula huku akinilisha na mimi, tonge lake, tonge langu, mpaka tukaona weupe wa sahani. Kisha akasema, "Majani ya maboga bila nazi, mwanangu, ni kuyaonea. Njoo." Akanikalisha juu ya mbuzi, akanishika mikono kwa nyuma, tukakuna pamoja. Krwa, krwa, krwa.

Jioni baba alikuwa ndani Bi Somoe alipopiga hodi. Alikuwa ameshika sahani ya mama kwa mikono miwili, imejaa kunde mbichi za nazi. Baba aliitazama ile sahani, akanitazama mimi. Nilihofia ataikataa.

"Mama yake atarudi," alisema.

"Akirudi atatukuta hapahapa, Baba Aika. Lakini leo, mtoto akila na wenzake uani, wewe utapungukiwa nini?"

Baba aliipokea. Akakaa, akala, na alipomaliza alivuta sufuria yangu iliyoungua akaikwangua mpaka chini, chumvi yote ile. Kuanzia kesho yake nilikula uani na watoto wengine, na sahani ya maua ikarudi safarini. Yeye aliendelea kula chumbani, peke yake, mlango wazi.

Mvua ziliisha. Mama hakurudi. Zikaja nyingine, nami nikapika majani ya maboga nikimsubiri, nikidhani bibi ana ugonjwa mrefu. Nilikuwa kidato cha pili binamu yangu aliponiambia, kwa mshangao kwamba sijui, kuwa mama ana mume na watoto Arusha. Miaka yote hiyo nilikuwa bado nasikiliza hodi yake mlangoni.

Ile nyumba ilishavunjwa, pamesimama ghorofa la maduka, na Bi Somoe alizikwa Kilwa. Baba, uzee ulipomzidi, nilimleta hapa kwangu. Masika moja nilikuwa namenya majani naye akinitazama, akaanza kuzungumza kama aliyekatishwa jana.

"Ile sahani ya kwanza ya Bi Somoe niliirudisha tupu kwa makusudi," alisema. "Nilikaa nyumba ile kabla hujazaliwa, ningekosaje kujua? Alituletea kama wanavyoletewa wafiwa. Ningeweka hata kitunguu kimoja, ningekuwa nimekubali kwamba mama yako hayupo."

Nikaendelea kuvuta nyuzi.

"Halafu nikaona umeitoa sahani ya mama yako," alisema. "Umepika, umempelekea jirani, kama mwenye nyumba. Nikajua mtoto amekwishajua. Umenitangulia. Nikamshukuru Mungu sitalazimika kukuambia mimi mwenyewe."

Mikono yangu ilisimama. Nilimwona mtoto yule tena, akisema "watatu" pale shimoni. Nikamwona na baba, kitandani, mlango wazi. Tulikaa chumba kimoja miaka mingi, kila mmoja na huzuni yake, yeye akidhani tunaibeba wawili.

"Si ulikuwa unajua?" aliniuliza. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia anaomba kitu.

"Nilijua, baba," nikamwambia, nikawasha jiko.