Mashine Inasemaje?

Juzi juzi nilikaa kwenye benchi la shule moja ya sekondari pale Uyole, malori yakinguruma barabarani, nikasikiliza historia ya kompyuta ikiimbwa. Ndiyo, ikiimbwa. Mwalimu kijana alisema, "Kizazi cha kwanza!" darasa likaitikia, "Valvu!" Akasema, "Kizazi cha pili!" wakaitikia, "Transista!" Kompyuta yenyewe ilikuwa ofisini, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua kama sahani za wageni. Rafiki yangu, kitambaa kile ndicho kilichonichefua. Nilikutana nacho utotoni, miaka ya hamsini, na sikutegemea kukikuta bado hai.

Shule yetu ilikuwa kwenye kilima juu ya Nyololo, chumba kimoja cha matofali mabichi na mwalimu mmoja wa madarasa yote. Asubuhi za mwezi wa saba sakitu ilifanya majani yawe meupe, nasi tulikuja pekupeku, kila mtoto na kuni zake kwapani, maana bila kuni hukuingia. Mkononi tulishika viazi vya kuchoma. Kwanza vilitupasha moto vidole, kisha tukavila. Harufu ya maua ya pareto yakikaushwa kwenye vichanja ilitufuata mpaka darasani, ikatukaba pua. Wakati ule niliichukia. Leo ningelipa nauli kwenda kuinusa.

Mwaka mmoja mzungu wa shamba la chai alinunua mashine mpya ya kupigia hesabu, ile ya zamani akatupa sisi. Bibi yetu alisema hakuna mtu anayegawa ng'ombe anayekamwa, lakini nani alimsikiliza bibi? Ilikuwa nyeusi, nzito, ina vigurudumu vyenye tarakimu na mkono wa kuzungusha pembeni. Mwalimu aliipokea kama anapokea askofu. Mkewe akaifumia kitambaa. Shule haikuwa na ndoo ya maji ya kunywa, ila mashine ilikuwa na nguo.

Nisimnyime haki yake. Siku moja, moja tu, mtu yule alifundisha. Alitutoa nje, akatupanga mstari juani, akasema kila mtoto ni gurudumu. Mimi, mdogo kuliko wote, niliwekwa mwisho kulia, gurudumu la mamoja. Kila alipopiga makofi nilikunjua kidole. Vidole vilipojaa, nilifumba ngumi zote mbili na kumpiga kiwiko jirani yangu wa kushoto, naye akakunjua kimoja, kwa sababu yeye alikuwa makumi. "Hakuna uchawi humo ndani," mwalimu alisema. "Ni viwiko tu." Lakini jirani yangu alikuwa mtoto wa katekista, wa kuamshwa alfajiri kwa sala, na jua lilikuwa tamu baada ya ile baridi. Alisinzia akiwa amesimama. Nilimpiga kiwiko, wapi! Hesabu yote ikaharibika, na mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. "Gurudumu limelala!" Ukielewa hilo umeielewa mashine, hata hizi za leo hazijaacha kusukumana. Yule kijana wa Uyole na valvu zake hakuligusa kabisa.

Kisha ukaja mtihani wa darasa la nne. Huo ndio uliokuwa chujio. Ukipita unakwenda shule ya kati, ukikosa unarudi kwenye jembe. Dada yangu alikuwa darasa lile, na shule ya kati aliitaka kuliko chakula. Jikoni alijaza ukuta hesabu za mkaa, mpaka mama akaacha kuupiga udongo mpya ili asizifute.

Miaka yote mwalimu alijumlisha alama kwa kalamu. Sasa kalamu ya nini, na mashine ipo? Aliondoa kitambaa, akakunja mikono ya koti, akaanza kusoma alama na kuzungusha mbele yetu sote. Kwaruu, kwaruu. Ikafika zamu ya dada. Mimi nilikaa chini, mbele kabisa, pua karibu iguse meza. Nikaona gurudumu la mamoja likipita tisa na kurudi sifuri, na lile la makumi halikutikisika. Likapita tena. La makumi kimya.

"Mwalimu, gurudumu limelala."

"Mashine hailali," alisema, akanizaba kofi. "Umelala wewe."

Darasa lilicheka. Dada akahesabiwa amekosa. Wengine nao walipoteza makumi yao, ila walikuwa na ya kutosha kupoteza.

Kesho yake mama alimshika dada mkono, wakaenda shuleni, mimi nyuma yao. Mama alikuwa na udongo wa shamba miguuni. Hakusoma, lakini hakuwa mtu wa kusukumwa.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, mama."

"Huyu mtoto anaomba ajumlishe ubaoni. Wewe umtazame tu."

Na kweli kazi ilikuwa kumtazama tu. Dada aliandika alama zake, akajumlisha polepole, akapata jumla yake halali, kubwa, nyeupe, katikati ya ubao. Mwalimu aliiangalia. Na hapa ndipo ninapomdharau mpaka leo, kaburini alimo. Alijua kujumlisha! Yeye ndiye aliyemfundisha dada. Aliona kuwa ni sawa, na mimi nilimwona akiona.

"Mama," akasema, "mtoto hukosea. Mashine haikosei."

"Kwa hiyo mashine inasemaje?"

"Imemkataa."

Akachukua dasta, akafuta ubao. Vumbi la chaki lilitua kwenye kitambaa, naye akainama akalipuliza taratibu, kwa upole ambao dada hakuupata.

Njiani, tulipovuka kijito, mama alimgeukia dada. "Haya, tukapalilie," akasema. "Mashine haipalilii." Dada akapalilia pareto maisha yake yote.

Nyumbani swali lile likageuka utani wetu. Mvua ikitunyeshea, dada amelowa chapachapa, anauliza, "Mashine inasemaje?" Ugali ukiungua na moshi umejaa nyumba nzima, "Mashine inasemaje?" Alicheka kutushinda sote. Nilijua kicheko kile kilikotoka, na kiliniuma. Watu huniambia mwalimu yule alikuwa mtu wa zama zake, nimsamehe. Upuuzi mtupu. Zama hazikumshika mkono asiokote kalamu.

Leo kilima kile ni mipaina mitupu. Matofali yamerudi kuwa udongo, vichanja vya pareto havipo. Mwalimu alizikwa kwa hotuba ndefu. Mashine, mara ya mwisho niliisikia inazuia mlango wa banda la mbuzi, kazi yake ya kwanza ya maana. Na dada tulimzika mwaka jana.

Uyole nilikwenda na mjukuu wake. Binti anataka mchepuo wa sayansi. Kijana alipomaliza kuimbisha darasa alituingiza ofisini, akaondoa kitambaa, akabonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Bibi, mfumo umekataa. Kwenye kemia unasoma sifuri."

Binti akatoa mkobani karatasi ya mtihani. Alama nzuri, wino mwekundu.

"Nani alisahihisha hii?" nikauliza.

"Mimi, bibi."

"Na mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, bibi. Sasa tufanyeje? Mfumo ndio umeshasema."

Niligeuka kushoto nimsikie dada akiuliza swali lake. Mahali pake alikaa mjukuu wake, kichwa chini, anairudisha karatasi mkobani kama mtu aliyekwisha kukubali.

Nikampiga kiwiko cha mbavu.

Akasimama, karatasi mkononi.