Nyonyo ya Meshaki

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, hakuna kitu nilichokichukia nyumbani kwetu Kibirizi kama nyonyo ya mdogo wangu Meshaki. Ilikuwa chuchu ya mpira aliyonunuliwa ili anyamaze mama akianika dagaa. Mpira ulishageuka rangi ya chai, unanata. Iliangukia kwenye mchanga wenye maji ya samaki, nzi wakaikalia, naye akaiokota na kuirudisha mdomoni.

Alikuwa na miaka mitatu na kuhara hakukumwisha. Tulipoificha alilia mpaka akatapika. Mama naye alikuwa mjamzito, na bibi, mama yake mama, alisema mtoto anayenyonya huku mwenzake yuko tumboni humnyonya yule wa ndani, akazaliwa mdhaifu au asizaliwe kabisa. Mama alikwishapoteza mimba moja. Aliposikia hayo alishika tumbo.

Jirani yetu, Mama Rehema, yeye alicheka tu. "Huyu ataoa nayo mdomoni. Mchungaji atamwambia, bwana harusi, toa kwanza hiyo ujibu."

"Cheka, shoga," mama akasema. "Wa kwako wanalala."

Dawa ya bibi ilikuwa nyongo ya mgebuka, samaki wa ziwani kwetu. Lakini haikutosha kuipaka kwenye nyonyo tu. Kwa desturi yake, mtoto haachi kitu mpaka ndugu yake wa tumbo moja auonje uchungu kwanza, mbele yake, na aumeze. Akiutema, tabia inamrudia mtoto. Ndugu huyo nilikuwa mimi.

"Bibi, tuioshe kwanza."

"Tukiiosha itabaki na nini?"

"Inanuka."

"Najua inanuka. Fungua mdomo."

Tulikuwa uani, karibu na mafiga, ugali ukiiva. Bibi alipasua kifuko cha nyongo kwa kucha, ute wa kijani ukatiririka juu ya mpira. Nikaipokea mdomoni. Uchungu ningeuvumilia. Kilichonishinda ni ule utelezi, uvuguvugu wa mate ya Meshaki, na alama za meno yake nilizozigusa kwa ulimi. Nilijaribu kumeza. Nikatapika vyote, nyonyo pamoja navyo, juu ya miguu ya bibi.

"Umeharibu," bibi akasema.

Nilitazama tumbo la mama. Niliamini kabisa kwamba aliyemo ndani atakufa kwa sababu yangu. Nikainama kuiokota kwenye yale matapishi niirudishe mdomoni.

Meshaki aliniwahi. Aliishika kwa vidole viwili, uso umekunjamana kama mtu mzima aliyeona choo kichafu.

"Usile, dada. Chafu."

Akaitupa motoni. Moshi wa mpira ukajaa ua wote, na ugali ule hakuna aliyeula. Usiku alilia, akanishika sikio na kulivuta mpaka akalala. Nyonyo hakuiomba tena.

Mdogo wetu alizaliwa salama, mnono, na bibi akajisifu hadi Ujiji. Wanawake huja kumwuliza, naye huwapa habari za nyongo, na sehemu ya kutapika huiruka. Shule mimi niliiachia kidato cha pili, sasa naanika dagaa na mama, na wengine huniuliza ninavyojua.

Huwaambia nilichokiona. Meshaki hakuonja ile nyongo hata tone. Sisi wakubwa tulikaa tukapanga namna ya kumtia uchungu mdomoni mtoto mdogo, na uchafu ule wote tukauita dawa. Yeye alipouona uchungu huo kwa mwenzake, aliutoa. Nyonyo ile ilikuwa kitu chake pekee alichokipenda, na hakuna aliyemwomba akitupe. Nikiyakumbuka hayo bado nasikia kichefuchefu, lakini si kwa ajili ya mpira ule.