Safari ya Mwingi na Chupa Mbili za Bia

Niliondoka Matiliku kwenda Mwingi kwa sababu mume wangu, karani wa soko la mifugo huko, alikuwa hajamwona binti yetu tangu azaliwe. Mwende alikuwa na miezi saba. Barua ilisema, "Mlete nimwone kabla hajaanza kunikimbia." Hiyo ndiyo sababu ya safari. Sababu ya kuiandika ni nyingine: njiani nusura nimuue mtoto huyo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa ajili ya aibu ya kijinga. Nawaandikia akina mama wa kwetu. Mkikasirika, kasirikeni. Mimi nimewatangulia.

Siku mbili kabla ya kuondoka, Mwende alianza kuharisha. Nikampeleka zahanati. Sista akanipa pakiti tatu za unga wa chumvi na sukari, akaeleza kwa sauti iliyofika hadi nje: "Pakiti moja, maji yaliyochemshwa, chupa mbili za bia. Zijae. Si moja, si moja na nusu. Mbili."

Benchi zima likacheka.

"Huyo ameolewa katika nyumba ya shemasi. Bia atatoa wapi?"

"Atamwomba mchungaji!"

Sista hakucheka. "Nimesema chupa, sikusema bia. Okota, osha, chemsha."

Kwetu tumeokoka. Mama mkwe ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Chupa zilikuwa tele nyuma ya baa pale sokoni, lakini niliogopa kuonekana nimeinama mahali pale. Nilifika Form Four, na hesabu nilipasi. Nikachukua chupa moja ya soda, nikamimina pakiti nzima ndani yake, nikajiambia kwamba ikikolea itafanya kazi haraka. Nilijua chupa ya soda ni ndogo hata kuliko moja ya bia. Hapo msisome mbio. Nilijua.

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya safari, mama mkwe alinisindikiza hadi steji ya mabasi, akanifungia Mwende mgongoni.

"Dawa umechanganya vile sista alisema?"

"Ndiyo, mwaitu," nikamwambia. Hivyo ndivyo tunavyomwita mama. Nilimdanganya huku namwita mama.

Machakos tulifika saa nne, nikahamia basi la Kitui. Mwende alikuwa akinywa kwa pupa. Kila kijiko kilimwongezea kiu, nami nikafurahi kwamba anakunywa. Nilimpa titi, kisha kijiko, kisha titi. Baada ya Wamunyu nilibadilisha nepi, na tulipovuka mto Athi nikabadilisha nyingine. Zote zilikuwa chafu, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na mkojo. Nililiona hilo, nikaangalia dirishani.

Kitui mjini, saa nane, nikapanda basi la Mwingi. Kufikia hapo Mwende alikuwa analia bila machozi. Midomo ilikuwa imekauka kama maganda, na utosi umebonyea. Kando yangu aliketi mama mmoja wa buibui, muuza vitambaa wa Mwingi ambaye babu zake walitoka pwani. Wenzake garini walimwita Mama Zainabu.

"Huyu analia nini, mwanangu?"

"Kiu."

"Na hiyo chupa?"

"Dawa ya kuharisha."

Akaichukua bila kuniomba, akamimina kiganjani, akaonja, akatema dirishani. "Yarabi! Umemnywesha mtoto bahari! Umechanganya na maji kiasi gani?"

"Hiyo chupa."

"Pakiti nzima? Hukuambiwa chupa mbili kubwa?"

"Niliambiwa. Lakini ni za bia."

"Wewe wanywa bia?"

"Hapana!"

"Basi shida iko wapi?"

Nikamwaga dawa iliyobaki dirishani.

Katika mji mdogo wa Kabati basi lilisimama ili watu wale chakula. Mama Zainabu alishuka, akavuka barabara na buibui lake, akaingia baa. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi. Hapo nikasimama. Mtoto wangu anakauka kifuani, nami natazama kushoto na kulia kama kuna mtu wa kanisa letu, katika soko ambalo hata mbuzi hanijui. Katika safari yote, hapo ndipo ninapoona haya zaidi.

Ndani nikasikia, "Wah! Mama, leo ni baridi ama moto?"

"Nataka chupa tupu mbili. Mtoto anakufa pale mlangoni nanyi mwacheka."

Kicheko kikakatika. Kwenye kaunta wakampa moja. Mzee mmoja wa koti akaangalia bia yake iliyobaki nusu, akaimwaga sakafuni, akaja mpaka mlangoni kunikabidhi chupa mwenyewe. "Shika, mama. Usiniogope."

Katika hoteli ya jirani mwenye kupika chai alizisugua kwa sabuni na maji moto. Akapima maji yaliyochemshwa, chupa mbili zilizojaa, tukafungua pakiti mpya, tukapooza sufuria kwa kuiweka ndani ya karai la maji. Dereva alipiga honi mara moja. Mama Zainabu akamtazama, naye akaacha.

Kutoka Kabati hadi Mwingi aliniongoza: "Kijiko. Ngoja. Kijiko. Akitapika, pumzika kidogo, uanze tena. Sasa titi."

Mwingi tulifika saa kumi na moja. Kabla sijamtafuta mume wangu, Mama Zainabu alinipeleka kituo cha afya. Daktari aliuliza kama nilikuwa nanyonyesha njiani. Nikasema ndiyo. "Basi shukuru hilo titi," akasema, "kwa sababu hiyo chupa yako ilikuwa inammaliza." Tukalazwa.

Kesho yake adhuhuri baba yake alikuja wodini kutoka sokoni, na Mwende akamkojolea kwenye suruali ya kazini. Nikaanza kulia.

"Unalia kojo?" mume wangu akauliza.

"Nalia kojo."

Ndipo nikamweleza yote. Alimshikilia mtoto, suruali ikiwa imelowa, mpaka jua likatua.

Baada ya wiki mbili nilirudi Matiliku. Jumapili, akina mama walinisimamisha nishuhudie jinsi Mungu alivyonilinda njiani. Nikawaambia kila kitu, baa na uongo pamoja. Nikawapa kipimo kama nilivyopewa: pakiti moja, chupa mbili zilizojaa, kijiko kwa kijiko, titi lisikatizwe, na mtoto asipokojoa, kimbia zahanati. Nikasema nimejifunza kwamba nilithamini jina la nyumba yetu kuliko pumzi ya mtoto. Mama mkwe alikuwa akitazama viatu vyake.

Nilipotoka, jirani yetu mmoja alinifuata mpaka langoni. Mtoto wake wa kiume tulimzika wakati wa kiangazi kilichopita, naye aliharisha vilevile. Mimi ndiye niliyegawa chai kwenye hayo mazishi.

"Mama Mwende," akasema, "mimi pakiti nzima niliichanganya na maji ya kikombe kimoja."

Nikamuuliza, kwani chupa hazikuwepo?

"Zilikuwepo. Nilikuwa nimeshaziosha. Halafu mama mkwe wako akaingia kumwombea mtoto, nikazifunika na gunia."