Sindano ya Maji

Kaka yangu mkubwa alikuwa dresa, yaani msaidizi wa tabibu, katika zahanati moja upande wa Marani, na watu wote walimwita daktari. Miaka ile ya sitini hapakuwa na mwingine wa karibu. Yeye ndiye aliyefunga vidonda, akang'oa meno, akazalisha wanawake walioshindwa kufika hospitali, na zaidi ya yote, akadunga sindano. Watu wetu waliipenda sindano kuliko dawa nyingine yoyote. Mgonjwa aliyepewa vidonge peke yake alirudi nyumbani akinung'unika kwamba hakutibiwa. Nimewaona wazee wakimshika kaka mkono sokoni na kumwambia, "Daktari, mkono wako ni mwepesi," naye akicheka kwa aibu kidogo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Nyamira. Baba alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo kaka ndiye aliyenisomesha. Mama alimsumbua kila Sabato baada ya ibada kwamba aoe, naye akajibu kwamba anangoja nimalize chuo cha ualimu. Nilipomaliza, akatafuta kisingizio kingine.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, msimu wa mvua ndefu, alianguka na baiskeli kwenye mteremko akipeleka chanjo, akavunjika nyonga. Alilazwa mjini Kisii kwa wiki nyingi, na huko alidungwa dawa ya maumivu iitwayo pethidini. Ilimsaidia sana. Bila hiyo, aliniambia, angepiga kelele mpaka watu wa Masimba wamsikie. Alirudi kazini akichechemea, na watu wakamletea ndizi na kuku.

Kwa karibu mwaka mzima sikuona kitu. Baadaye nikaanza kuona vitu vidogo vidogo. Alivaa shati la mikono mirefu jua likiwaka. Alisinzia kikombe cha chai kikiwa mkononi. Mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama ncha ya penseli. Mama alisema amerogwa na mtu anayemwonea wivu kwa kazi yake, na majirani wakakubali. Kipindi hicho chote walimhurumia, wakamwombea kwa majina yake yote. Huruma hiyo nimeifikiria mara nyingi. Mtu aliyerogwa alibaki kuwa mtu wetu.

Alasiri moja ya Sabato nilimtembelea kwenye nyumba yake ya zahanati. Nilibisha, nikasukuma mlango kama nilivyozoea. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa shati umekunjwa, sindano bado ameishika. Mkono wake ulijaa makovu, na mengine yalikuwa mabichi.

Hakushtuka. Aliweka sindano kwenye kibakuli, akashusha mkono wa shati na kufunga kifungo.

"Nyonga bado inauma?" niliuliza. Nilikuwa namtafutia njia.

"Nyonga ilipona zamani."

"Sasa hii ni ya nini?"

"Nisipojidunga natetemeka, natapika, mifupa yote inaniuma. Nimejaribu kuacha. Siwezi, dada."

"Nenda kwa daktari mkuu wa hospitali umwambie."

"Nikimwambia, kesho sina kazi. Na watu wakisikia, nani atanipa mkono wake tena?" Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Usimwambie Mama. Nitaacha mwenyewe."

Nikaahidi. Nilirudi Nyamira nikijiambia kwamba mtu aliyewaponya wengi hawezi kushindwa kujiponya. Niliufunga mdomo wangu, na nyumbani nikaendelea kukubali maneno ya uchawi.

Miezi michache baadaye, mzee mmoja wa Marani alirudishwa kutoka hospitali na uvimbe tumboni. Walimwambia mkewe hakuna la kufanya tena ila kumpunguzia maumivu, na dawa yake, pethidini ileile, ikaachwa kwenye zahanati ya kaka. Kila asubuhi kaka alikwenda kumdunga. Siku za kwanza mzee alilala, akaamka, akanywa uji, hata akazungumza na wajukuu. Kisha dawa ikaacha kufanya kazi. Alidungwa na kuendelea kulia vilevile.

Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini alikuwa na macho. Asubuhi moja hakungoja kaka aje. Alikwenda zahanati mwenyewe, akasimama mbele ya wagonjwa waliojaa kwenye mabenchi, akauliza, "Daktari, unamdunga mzee wangu kitu gani?"

Waliokuwepo walinisimulia kwamba kaka alivua koti lake jeupe na kulikunja.

"Ni maji, mama," alisema. "Dawa ya mzee nimeitumia mimi."

Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imefika Nyamira. Alishtakiwa, akafutwa kazi, akafungwa miezi sita. Mzee alifariki kaka akiwa gerezani. Mama aliposikia neno "maji" aliketi chini jikoni na hakusimama mpaka jioni.

Siku hizi kuna maneno ya ugonjwa huo. Wakati ule, kwetu, hapakuwa na neno. Tulikuwa na neno la mlevi, na mlevi tulimjua, tulimcheka, tulimbeba nyumbani. Jirani yetu alikuwa amekufa kwa chang'aa mwaka uliotangulia, na kwaya ilimwimbia mpaka kaburi likafunikwa. Lakini kwa mtu aliyejidunga sindano tulikuwa na neno mwizi, halafu tukanyamaza.

Alipotoka gerezani alirudi kwa Mama. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yamefunguka. Aliniambia kwamba wiki mbili za kwanza gerezani alilala sakafuni akidhani anakufa, na baadaye hamu ikapungua. Alianza kuchuma majani chai. Kwenye kituo cha kununulia chai, watu walisogeza vikapu vyao alipokaribia. Kanisani, alipoketi, benchi liliachwa wazi kila upande. Mtu mmoja ambaye mke wake na mtoto waliokolewa na mkono wa kaka wakati wa kujifungua alimpita njiani akitazama kwenye migomba. Kaka alimsalimia hata hivyo. Hakujibiwa.

"Wataizoea sura yako," nilimwambia.

"Sura wanaijua," alisema. "Mikono ndiyo hawaitaki."

Mama alimkuta asubuhi ya Jumatatu, alipompelekea uji. Alikuwa amelala chali kwenye esaiga, nyumba yake ndogo ya ujana, midomo ya bluu, na kando yake sindano na chupa. Mpaka leo hatujui chupa hiyo ilitoka wapi. Huenda aliificha zamani kwenye paa. Daktari mmoja mjini alinieleza baadaye, kwa upole, kwamba mwili wa kaka ulikuwa umesahau ile dawa. Kipimo alichokizoea kabla ya kufungwa sasa kilitosha kumuua.

Lakini siku ile hakuna aliyetaka maelezo. Mzee wa kanisa alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, tunakuonea huruma," alisema. "Lakini aliyejiua hatuwezi kumfanyia ibada. Kwaya haitakuja."

"Mwanangu hakujiua," Mama alisema. "Jana alifua shati la kuvaa leo. Mtu anayetaka kufa anafua shati?"

Mzee wa kanisa aliaga, akaondoka. Wazee wa ukoo nao walitaka azikwe siku hiyohiyo, haraka, bila watu kuketi matanga. Binamu wawili walichimba kaburi bila kuzungumza. Tulikuwa watu wachache sana, mimi nikiwahesabu wale aliowatibu, ambao hawakuwepo.

Tulipokuwa tukijiandaa kumtoa nje, mwanamke mmoja aliingia uani, miguu imejaa vumbi la njia ndefu, kikapu cha unga mgongoni. Alikuwa mjane wa yule mzee wa Marani. Habari ilimfikia asubuhi, akaanza kutembea.

Binamu walisimamisha majembe. Mama alimwona, akaanza kupiga magoti. Mjane alimshika mabega akamwinua.

"Usinipigie magoti," alisema. "Sikuja kudai kitu."

"Mwanangu alimtesa mzee wako."

"Alimtesa. Sijasahau, na sitakudanganya kwamba nimesahau. Lakini mimi nilikaa na mzee wangu miezi ile yote. Nimeona maumivu yanavyomgeuza mtu. Nani ataomba hapa?"

Tulimwambia hakuna.

Alikuwa Mkatoliki, sisi Wasabato. Akatoa rozari yake, akasimama kichwani mwa kaburi na kusali sala za kanisa lake tangu mwanzo hadi mwisho, na sisi tusiozijua tukaitikia amina palipoonekana panafaa. Kisha akaingia jikoni, akasonga ugali wa unga aliokuja nao.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda kwake Marani. Nilimkuta akipura maharagwe kwenye uwanja wake. Nilimwambia nililoshindwa kumwambia Mama: kwamba nilijua. Niliiona sindano kwa macho yangu kabla mumewe hajarudishwa nyumbani. Ningesema, mzee asingedungwa maji.

Aliacha kupiga maganda. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka.

"Ungemwambia nani, mwalimu?" aliuliza.

Nikawafikiria mmoja mmoja. Chifu angemfunga. Kanisa lingemtenga. Mama angemtafuta mchawi. Daktari mkuu, labda. Labda yeye angesikiliza, na mimi sikujaribu.

"Labda daktari," nilisema.

"Basi ungemwambia daktari," alisema, bila hasira.

Akanisogezea fimbo ya pili. Tulipura maharagwe pamoja mpaka jua likaelekea upande wa milima ya Manga, na hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo.