Pikipiki Mpya ya Mume Wangu, na Nailoni Yake

Aliyetuletea kisa hiki ameomba jina lake libaki kwetu. Sie tumelificha, nyie mpeni mawazo.

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wasomaji wa ukurasa huu kuwa Jumapili moja ya mwezi huu, mbele ya mashahidi, pikipiki ya mume wangu ilivuliwa nailoni. Ilikuwa imeivaa tangu itoke dukani. Shughuli ilihudhuriwa na watu wengi, na marehemu nailoni hakuacha mtoto.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nakaa huku Chanika na mume na watoto. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejifunza kwa kuangalia watu. Nalima muhogo bondeni, na muhogo wangu unapanda barabarani kwa pikipiki ya magurudumu manne ambayo baba yangu aliachiwa na mzungu wa mradi wa visima, naye kabla hajafa akaniachia mie. Mnaokaa mjini huenda hamjaiona: usukani ni wa pikipiki, siti ni ya pikipiki, lakini inasimama yenyewe kama meza. Watoto wa mtaa wanaiita Kaa. Rangi haina tena, taa moja iling'oka, na kuiwasha unavuta kamba mpaka bega likuulize mna ugomvi gani. Ila ikishawaka, inabeba magunia matatu na mie juu yake, na ndiyo inayotulisha tangu mume wangu apunguzwe kazini.

Huyo mume wangu alitoka kazini na kiinua mgongo, na asubuhi hana pa kwenda. Enzi hizi za ruksa ya kuagiza vitu nje, hayo mawili yakikutana, lazima kitu kitoke Dubai. Wenzake waliagiza video na mafriji. Yeye akaagiza Kaa mpya, nyekundu, inayowashwa kwa kidole. Nadhani ilimuuma kuona mkewe ana magurudumu manne na yeye hana hata moja.

Kwetu kila kitu huvaa nailoni: redio, makochi, hata kalenda. Kwa hiyo ile iliyokuja na siti hakuigusa. Tena akaenda kwa fundi cherehani akashonewa nyingine ya kufunika ubavuni, vumbi lisiingie. Jioni alikuwa akiizungusha mtaani polepole, kama anatembeza bibi harusi, siti inalia kwacha kwacha. Bondeni kwenye muhogo haikuwahi kufika.

Barazani akafungua darasa la kulinganisha. Yake ina kasi, yangu inatambaa. Yake inakunywa petroli kidogo, yangu mlevi. Hata mie nikishinda nimelala nakula kidogo. Breki zake zinashika, zangu ni dua. Hilo la breki nakubali.

"Mama Zawadi," akaniambia siku moja mbele ya wenzake, "hicho chuma chako wakati wake umepita. Yupo mnunuzi wa vyuma chakavu anatokaga Mbagala, nitampa akichukue. Muhogo nitakupandishia mie."

"Wewe, Baba Zawadi? Na hiyo nailoni?"

"Sema tu unaogopa kushindanishwa."

Tukakubaliana hivi: kila mmoja apakie magunia matatu bondeni, apande kile kilima cha mchanga mpaka barabarani. Yake ikifika, yangu inakwenda kwenye vyuma. Isipofika, Kaa ya baba yangu asiitaje tena. Fundi Mbaraka, anayetengeneza pikipiki pale njia panda, akawa mwamuzi.

Siku hiyo mtaa wote ukashuka bondeni. Nilitangulia mie. Kaa ilipanda kama mgonjwa aliyekataa kubebwa, moshi mweusi nyuma, ikafika. Akafuata mume wangu, miwani ya jua usoni, shati la ofisini mwilini. Aliondoka kwa kasi mpaka nikaanza kumuona mtu wa vyuma anakuja na mizani yake. Katikati ya kilima ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima. Naye akateleza juu ya nailoni, taratibu, bila haraka yoyote, akatua nyuma kwenye magunia.

"Baba Zawadi," muuza mkaa mmoja akamuuliza, "dereva wako kaenda wapi?"

"Petroli ya huku mnachanganya maji," akajibu kutoka kwenye magunia.

Fundi Mbaraka akainama, akachana ile nailoni ya ubavuni. Mashine ile huvuta hewa chini ya siti, na nailoni ilikuwa imenyonywa ikaziba tundu lote.

"Braza, umeivisha mpaka puani," akasema. "Mtaani polepole ilikuwa inajikaza tu. Kilima kinataka pumzi."

Akaivua yote. Ikawashwa kwa kidole, ikapanda na magunia yake kama haijabeba kitu. Lakini mwamuzi alishaamua, na watu walishacheka.

Tangu hapo mume wangu analala kwenye kochi. Kochi nalo lina nailoni, kwa hiyo kila anapojigeuza napata habari. Na sasa ameleta neno jipya: ati ile haihesabiki, turudie mwisho wa mwezi, bila nailoni. Nikikataa, nimeshindwa, na mtu wa vyuma ameshaitwa. Nimemjibu kwamba nitafikiria, kwa sauti ya bingwa.

Ndugu wasomaji, nipeni akili. Nikubali marudio, au nishikilie ushindi wangu na nigombane naye mpaka achoke? Jibuni upesi, maana muhogo wa juma hili umepanda kwa baiskeli ya jirani. Mume wangu nimemwambia Kaa naipumzisha. Haijawaka tangu siku ile.