Kifuu cha Mbwa

Shangazi yangu alikuwa akisema nina tabia mbaya: nikiona mbwa katupwa, namchukua. Lakini kijijini kwetu Kengeja tumbili huumaliza muhogo ungali mchanga, na mkulima mwenye mbwa ndiye anayevuna. Kwa hiyo nilikuwa nawalea uani, nawafunza kufukuza tumbili bila kugusa kuku, kisha nawagawia wenye mashamba wanaowahitaji. Nyumba ilikuwa ya shangazi, na masharti yalikuwa yake. Mbwa asivuke kizingiti. Asile katika chombo cha watu. Basi wote niliwalisha katika kifuu kimoja cha nazi, nilichokitundika kwenye ua, na hapana aliyekigusa ila mimi. Aliyepatwa na mate ya mbwa alijua kazi yake kidini: kuosha mara saba, moja kwa udongo.

Wa mwisho alikuwa jike mwekundu, sikio moja limekatwa. Nilimkuta kafungwa kwenye mkoko, maji yakijaa. Kwa njaa aliyokuwa nayo alinyakua kila kitu, kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa asile mpaka nimpe ruhusa. Namkalisha mbele ya kifuu, dagaa wananukia, naye macho kwangu tu. Alijifunza upesi kuliko wenzake wote. Nilimpenda, nasema wazi. Wakulima walipomtaka niliwapa visingizio.

Hapo ndipo shangazi alipochoka. "Wale wakija wakenda," aliniambia. "Huyu wamweka. Malaika hawangii nyumba yenye jibwa, nami miye mtu mzima, sijui roho yangu yatoka lini."

Baada ya hapo hakulalamika tena. Nami, mjinga, nikadhani amezoea.

Kisha mbuzi wa jirani aliraruliwa na mbwa wazururaji, na watu wakaanza kutega nyama ya sumu vichakani. Tukawa tunapita njiani tumeziba pua kwa mizoga. Nilimfungia wangu uani, nikajipa moyo: huyu hali cha kuokota.

Alasiri moja nilirudi kutoka shamba, nikakuta ua kimya. Mbwa kaketi mbele ya kifuu. Ndani mlikuwa na pande la nyama ya ng'ombe, na kwetu nyama ilikuwa haijapikwa tangu Idi. Udenda ulimchuruzika mpaka mchanga umelowa. Hakuwa ameigusa.

Shangazi alikuwa kwenye ndoo, anaosha mkono. Alichota udongo, akausugua mpaka kiwiko, akamimina maji. Akamimina tena, na tena. Yeye, ambaye hakuwahi hata kukisogelea kifuu kile.

Aliona ninavyomtazama, na hakuuficha mkono.

"Mruhusu ale, mwanangu," alisema kwa upole. "Kiumbe wamtesa na njaa bure."

Mbwa alikuwa amenikazia macho mdomoni, akingoja niseme.