Kizingiti cha Juu

Juzi mwalimu wetu wa Maandiko alituambia tufungue habari za Waisraeli walipotoka Misri, na kabla hajamaliza kutaja ukurasa mimi nilikuwa nimeshaufungua. Tulikuwa tunasoma kwa zamu. Nikahesabu mistari kwa kidole, nikaona itakayoniangukia ni ile ile ya damu mlangoni. Nikainua mkono, nikaomba ruhusa ya kwenda nje. Nilisimama nyuma ya jiko la bweni, kwenye upepo huu wa Iringa unaochoma masikio, mpaka niliposikia darasa limefika baharini. Jioni msichana wa kitanda cha pili aliniuliza, "We, ulikuwa unaumwa au unamwogopa Farao?" Nikacheka tu. Mimi ni mtu wa kucheka tu, ndiyo maana naandika. Nitakueleza wewe, kwa kuwa hutaniangalia usoni.

Nilikulia juu ya mji wa Mbeya, kwenye mteremko ambako ukitazama chini unaona mabati ya maduka yanameta, na ukitazama juu huoni kitu ila ukungu. Baba alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu Makongolosi, mama alimfuata, mimi nikabaki na bibi mzaa baba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka uliotangulia, watoto wote wa shule tulikuwa tumegawiwa vikombe vya kutawazwa kwa Malkia. Changu bibi alikichukua akawa anapimia ulezi.

Ningependa nikuambie habari za viazi tu. Viazi vya kuchoma jivuni, ganda limeungua, ndani vyeupe na moto mpaka unavirusha mkono hadi mkono. Maharage mabichi yakichemka tangu mchana. Mvua ya masika juu ya nyasi za paa, na kondoo wetu mmoja akicheua karibu na miguu yangu, maana ndani mle mle ndimo alimolala. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuchota maji, na ya mama jirani yetu ilikuwa kuja kuomba moto. Kila siku alikuja na kigae chake cha chungu, akakanyaga kizingiti chetu, akaingia bila hodi, akachagua makaa mawili mazuri kuliko yote na kusema, "Moto wa bibi huyu hauzimiki, sijui anaulisha nini." Bibi anacheka. Ndivyo ilivyokuwa mpaka surua ilipofika.

Mwaka ule watoto wawili walikufa upande wetu wa mteremko, nao wote wawili walikuwa vifungua mimba. Na kwetu siku zile hakuna mtu aliyekufa hivi hivi. Watu waliendelea kusalimiana, lakini ungesikia salamu zimekuwa fupi. Sisi watoto tulikatazwa kupokea hata kiazi kutoka mkono usio wa nyumbani. Bibi alianza kutaja, akiwa anamenya mahindi, nani amepita bila kututazama na nani ametutazama mno. Mimi nilimshuku jirani. Alikuwa amebatizwa zamani, aliimba kanisani kwa sauti ya kuzidi wote, na mtoto wake mdogo alikuwa na vipele tayari. Lakini nilikuwa nimemwona akifua nguo juu ya mahali tulipochota maji, nikajiambia anatuletea ugonjwa makusudi. Sikumwambia mtu. Nikawa nayachota maji yale na kuyanywa huku nimeyashuku.

Mimi pia ni kifungua mimba, na baba yangu ni kifungua mimba wa bibi. Basi unaweza kuona bibi alikuwa anaogopa nini.

Bibi alikuwa kwenye darasa la ubatizo mwaka wa tatu. Pasaka ile ndiyo ilikuwa yake. Gauni jeupe la kitambaa cha marekani lilikwisha kushonwa, limekunjwa ndani ya kikapu, na kila Jumapili alilifunua, akalinusa, akalifunika. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na mwalimu wa misheni alifundisha kwa Kiswahili. Kwa hiyo jioni mimi ndiye niliyesoma karibu na moto na kuigeuza kila habari kwa Kisafwa, lugha ya kwetu. Nilijiona mtu mkubwa. Shuleni sikuweza hata kujibu "nipo" jina langu likiitwa, lakini pale jikoni nilisoma kama karani wa baraza.

Juma la mwisho kabla ya Pasaka tulifika kwenye mwanakondoo. Nikamsomea bibi jinsi kila nyumba ilivyochinja, jinsi walivyochukua damu wakapaka miimo miwili ya mlango na kizingiti cha juu, na jinsi mauti yalivyopita nyumba hizo bila kumgusa kifungua mimba. Bibi aliacha kumenya.

"Walipaka wapi? Rudia."

Hapa ndipo nilipokosea. Kizingiti nilichokijua mimi kilikuwa kimoja: gogo lililolala chini mlangoni, lile lililonikwaza kila siku. Nilipoona "cha juu" nikafikiri ni upande wa juu wa gogo, si wa chini unaogusa udongo. Nikamwambia bibi hivyo. Huku na huku mlangoni, na juu ya gogo.

Akautazama mlango wetu. Kisha akauliza, "Mungu hakuzijua nyumba za watu wake mpaka aone damu?"

Nikasema sijui. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemshuku Mungu kwa neno hilo hilo, lakini sikuthubutu kulitamka.

"Hata mimi najua unanipenda," bibi akasema polepole, "lakini asubuhi nataka uniamkie."

Jumatatu babu mdogo, yaani ndugu wa marehemu babu, aliitwa kuja kumchinja kondoo. Alishangaa. "Shemeji, kondoo wa nini na Pasaka bado? Na damu hii unaikinga ya nini?"

"Ya kupika."

"Damu yote hii! Haya." Alichukua fungu lake, mguu mmoja wa kondoo, akaondoka, na kila baada ya hatua chache aligeuka kututazama. Bibi akafunga majani ya mfagio kuwa kitita, akachovya, akapaka huku na huku. Kisha akapiga magoti, akapaka gogo lote, taratibu, kama anayekandika nyumba kwa udongo. Tulikula nyama wawili tu, mlango umefungwa. Iliyobaki tukaianika juu ya moto.

Asubuhi jirani akaja kuomba moto.

Hakuwa na viatu. Akakanyaga kizingiti, na mguu ukanata. Nilimwona akiutazama unyayo, kisha gogo, kisha miimo, kisha sisi. Mahali petu kitu kikiwekwa pale watu wanapokanyagia, kila mtu anajua kimewekwa kwa ajili ya nani: anayekuja.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo, "umenitegea?"

"Nimtegee nani? Ni Neno la Mungu, mwanangu. Ni la kutulinda."

"Kuwalinda na nani? Anayeingia humu kila siku ni mimi." Akarudi kinyumenyume, akafuta mguu kwenye nyasi mpaka nikadhani ataichuna ngozi. "Mtoto wangu anaungua ndani, na wewe unanipaka damu miguuni. Moto wako baki nao."

Siku ya pili yake bibi aliitwa mbele ya mwalimu na wazee wa kanisa. Nilikwenda naye, nikasimama ukutani nimekumbatia Biblia yetu. Wazee walikuwa wanne, na jirani alikaa mbali nao, hataki kututazama. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, ingawa siku ile nilimshuku kwamba anafurahi.

"Mama," akasema, "miaka mitatu nakufundisha. Nani alikuambia uweke dawa kizingitini?"

"Si dawa. Ni damu ya kondoo, kama mlivyotufundisha."

Mzee mmoja akaguna. "Na wachawi nao husema hivyo hivyo."

"Neno halisemi hivyo," mwalimu akasema. Akasoma. Kisha akaenda mlangoni mwa kanisa, akanyoosha mkono, akagonga ubao ulio juu ya kichwa chake. "Kizingiti cha juu, mama. Hiki. Damu ile ni mfano wa damu ya Bwana wetu, ilikuwa juu ya kichwa cha anayeingia. Haikuwekwa chini ikanyagwe. Aliyekusomea alikusomea nini?"

Nilihisi damu yangu mwenyewe ikinipanda masikioni. Ilikuwa ni kusema neno moja tu: mimi. Nikazidi kuikumbatia Biblia. Bibi aligeuka, akanitazama mara moja, si kwa muda mrefu. Kisha akawageukia wale wazee.

"Nilisomewa vizuri," akasema. "Masikio yangu ni ya kizee. Mimi ndiye niliyesikia vibaya."

Wakafuta jina lake. Asubiri Pasaka nyingine, wakasema, wamwangalie kama ameacha mambo ya giza. Njiani kurudi bibi alinionyesha uyoga ulioota kando ya njia akaniambia nichume.

Nilipofika nyumbani niliisoma habari ile upya, peke yangu, kwa hasira, nikitafuta mahali pa kuwasuta wale wazee. Nikakuta kitu nilichokuwa nimekiruka kwa haraka zangu za kufika kwenye mauti: kwamba nyumba yenye watu wachache, wasioweza kummaliza mwanakondoo, imwite jirani aliye karibu nayo wale pamoja. Nikamsomea bibi. Aliinua macho akaitazama nyama iliyoning'inia juu ya moto.

"Tulikuwa wawili," akasema.

"Ndiyo."

"Tukafunga mlango."

"Ndiyo, bibi."

"Basi hatukukosea kizingiti tu." Akaishusha nyama yote, akaipanga kwenye kikapu. Ilibidi kwanza aliondoe gauni jeupe, na akaliweka tu juu ya kitanda, bila kulikunja.

Jirani alitupokea nje ya mlango wake. Hakutukaribisha. Ndani mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyokwaruza. Bibi akamwambia imetupasa kuila pamoja tangu Jumatatu, na sisi tulikuwa wajinga. Jirani aliitazama nyama, akanitazama mimi.

"Huyu aonje kwanza."

Nikaonja. Ilikuwa ngumu, ina ladha ya moshi, na niliitafuna muda mrefu huku wanawake wawili wananitazama koo. Nilipomeza, sijui kwa nini, maneno yakaweza kupita. Nikasema ni mimi niliyesoma vibaya. Nikasema kizingiti cha juu ni kule, nikanyoosha kidole juu ya mlango wake, palipokuwa na fimbo mbili nyeusi tu.

Jirani akatazama juu. "Kule kuna kizingiti? Mimi naona masizi." Akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akakaa chini pale pale. "We mtoto! Siku mbili hizi mguu wangu unanichoma kwa sababu ya kusoma kwako! Mwalimu anajua?"

Nikatikisa kichwa.

"Nenda kamwambie leo hii, bibi yako apate Pasaka yake."

Sasa hapa sitajipamba. Alhamisi nilikwenda mpaka kwenye ua wa mwalimu nikarudi. Ijumaa nilikwenda nikamkuta anakata kuni, akaniuliza, "Nini, binti?" nikasema natafuta mbuzi. Hatukuwa na mbuzi. Jumapili waliobatizwa walipita mbele na mavazi meupe, na bibi yangu akakaa benchi la nyuma na kaniki yake ya kila siku, akiimba nyimbo alizozishika kwa kuzikariri bila kuelewa nusu ya maneno. Nilipomtazama ndipo nilipoelewa kilichofanyika mlangoni kule Misri, bila kufafanuliwa na mtu: kuna aliyekuwa ndani, na kuna aliyebeba mauti ili wa ndani apitwe. Mimi nilikuwa wa ndani. Na niliona kwamba kuamini hivyo siku za kawaida ni kazi, kwa sababu aliyebebewa anatakiwa naye afungue mdomo.

Jumatatu ya Pasaka niliufungua. Nilimwambia mwalimu yote, nikilia kwa kwikwi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso, lakini si kwa hasira.

"Ajabu," akasema. "Habari hiyo niliifundisha darasani kabla hujamsomea wewe. Nilinyoosha mkono nikaugusa ubao wa mlango, kama nilivyofanya mbele ya wazee. Na bibi yako alikuwa amekaa pale pale mlangoni."

Ubatizo haukuweza kurudishwa nyuma. Bibi alibatizwa mwaka uliofuata, na aliyesimama naye kama shahidi ni jirani, ambaye mtoto wake alipona. Mimi surua haikunigusa. Kwa sababu hiyo, unaweza kucheka, akina mama wawili walikuja kwa bibi kwa siri kuomba ile dawa ya mlangoni. Aliwafukuza kwa mfagio.

Lakini maneno ya mwalimu yalinikaa. Kama bibi aliuona ule mkono ukigusa juu, kwa nini alipiga magoti akapaka chini? Niliishi naye mwaka mzima nikimshuku, mtu niliyempenda kuliko wote. Siku nilipofunga sanduku langu kuja shule huku Iringa ndipo nilipomuuliza: ulijua nimekosea? Alikuwa anafunga viazi vya safari kwenye kitambaa. Alinijibu kwa Kisafwa, bila kuinua kichwa. "Wewe ndiwe uliyekuwa unasoma."

Bibi alifariki mwaka jana, wakati wa baridi, barua ikanifikia mazishi yamekwisha. Nyumba imeanguka, nyasi zake zimechukuliwa. Jirani amehamia kwa mwanawe mkubwa Makongolosi, mwalimu amepelekwa misheni nyingine, na upande ule wa mteremko sasa ni shamba la pareto. Ukipita hutajua kama watu walipata kuishi pale. Jibu lile nimeliandika hapa kwa Kiswahili, na nimeligeuza hata kwa Kiingereza cha shule, nikitafuta kama ni lawama au ni msamaha. Kila lugha inanipa yote mawili, na aliyelisema hayupo.